Virusi Viliingia Kwenye Kompyuta Yenye Picha za Mabiharusi Wetu

Mmezoea kutusoma hapa tukizungumza lasi, shanga na namna ya kukata gauni la shela lisimbane biharusi kwapani. Leo tunazungumza kompyuta. Na kabla hujasema hayo ni mambo ya wanaume, jiulize kwanza: zile picha zako za usiku wa hina, ukiwa kichwa wazi na mikono imejaa piko, ziko wapi saa hizi? Kwenye kompyuta ya nani?

Sisi ni wawili, wifi na wifi. Tunashona nguo za harusi nyumbani kwetu Makanyagio, hapa Mpanda. Wateja wetu ni wa mjini, wengine wanatoka Nsimbo, wengine Inyonga, na wengine wanapanda kutoka Karema kule Ziwa Tanganyika. Kompyuta yetu ni ya kawaida tu, ya mtumba, inakaa kwenye chumba cha kupimia nguo. Ndani yake kuna vipimo vya wateja, mitindo, hesabu za vitambaa, na picha.

Picha ndizo zenye uzito. Biharusi akija kujaribu gauni tunampiga picha mbele, nyuma na ubavuni, aone mwenyewe mgongo unavyokaa, na sisi tukumbuke pa kupunguza. Yuko ndani na wanawake wenzake, mtandio kauweka kitini, mabega wazi, anacheka. Anatuamini. Wengine hata mume mtarajiwa hajawahi kuwaona hivyo. Picha hizo tunaziweka kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, kwa sababu kompyuta yenyewe nafasi yake ni ndogo.

Sasa sikilizeni. Zimebaki siku tisa kabla ya ndoa ya biharusi mmoja wa Inyonga. Familia ilituletea flashi yenye picha za ukumbi na rangi za mapambo, ili mikanda ya wasimamizi ifanane na vitambaa vya jukwaani. Flashi hiyo ilikuwa imetoka steshenari moja ya mjini, walikokwenda kuchapa kadi za mwaliko. Tukachomeka. Ndani tukaona folda zenye kimshale kidogo pembeni. Tukabofya, picha zikafunguka vizuri, tukachagua rangi, tukaendelea na kazi. Jioni tulipofungua diski yetu ya nje, folda zote za mabiharusi zilikuwa na kimshale kile kile. Kila folda ilikuwa na ukubwa wa KB 2. Folda yenye picha mia mbili, KB 2! Ukibofya, inakwambia haipati kitu.

Wifi mmoja alikaa chini sakafuni. Mwenzake akasema, "Innaa lillahi." Si kwa ajili ya kazi iliyopotea, maana vipimo tunavyo pia kwenye daftari la karatasi. Tuliwaza jambo moja: je, hizi picha zimefutika, au zimekwenda kwa mtu?

Hayo ni maswali mawili tofauti. Watu wengi wakisikia "virusi" wanayachanganya, na kwa kuyachanganya wanafanya haraka jambo ambalo ni baya kuliko virusi vyenyewe.

Kirusi cha kompyuta ni programu kama programu nyingine, imeandikwa na mtu. Kile kilichosambaa mwanzo kabisa kwenye kompyuta ndogo za aina ya IBM kilikuwa kinaitwa Brain, kiliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, na kilisafiri kwa zile diski laini za zamani. Yaani tangu mwanzo kabisa mambo haya yanapita mkono kwa mkono. Hapa kwetu flashi ndiyo inayotembea. Inatoka kwa mpiga picha, inakwenda steshenari, inakwenda kwa kijana anayeuza qaswida na filamu, inarudi nyumbani. Kila kituo inachomekwa kwenye kompyuta ambayo siku hiyo imechomekwa flashi za watu hamsini. Mtu hahitaji hata intaneti kupata virusi.

Hiki kilichotupata sisi mafundi wanakiita kirusi cha shotkati. Kinavyofanya ni hivi. Kinazichukua folda zako za kweli na kuzipa alama mbili, ya "faili iliyofichwa" na ya "faili ya mfumo". Kompyuta ikiona alama hizo haikuonyeshi folda. Kisha kinaweka folda ya bandia yenye jina lile lile na kimshale. Ukibofya ile ya bandia, kirusi kinaamka kwanza, halafu aghalabu kinakufungulia folda yako ya kweli ili usishtuke. Kikishaamka kinajinakili kwenye kompyuta, kinajiandikisha kwenye orodha ya vitu vinavyowaka pamoja na mashine, na kila utakachochomeka baada ya hapo kinapata ugonjwa. Wakati mwingine kinavuruga mwenyewe kazi yake, na zile shotkati hazifungui kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Kumbe picha zilikuwepo. Na dalili ilikuwa mbele ya macho yetu: folda zinasema KB 2, lakini ukitazama diski yenyewe inasema imejaa zaidi ya GB 200. Hizo GB 200 ni nini kama si picha? Ukipatwa na jambo hili, kitu cha kwanza kutazama ni hicho, kabla ya kulia.

Lakini siku ile hatukuwa tumeelezwa haya yote. Asubuhi tukaibeba kompyuta na diski mpaka kwa fundi mjini. Kijana mpole, anaijua kazi yake. Akatazama dakika mbili, akasema, "Dada zangu, hii dawa yake ni kufomati tu. Niachieni, njooni kesho jioni."

Tukatazamana. Tukamwambia, "Mdogo wetu, kompyuta hii haiwezi kulala hapa. Ina vitu vya watu."

Akacheka. "Mimi sina haja na vitu vyenu, dada."

Hatukusema kwamba ana haja. Wengi hawana. Lakini mkono wa mtu mwingine ukiwa juu ya picha za wanawake usiku mzima, hilo si la kuliweka kwenye dhana njema peke yake. Pale Hong Kong, mwigizaji Edison Chen alipeleka kompyuta yake kutengenezwa, fundi akanakili picha za faragha zilizokuwa ndani, na mwanzoni mwa mwaka 2008 zikatapakaa kwenye mitandao. Wanawake waliomo kwenye picha zile hawakupeleka kompyuta kwa fundi yeyote, lakini aibu iliwafuata wao. Fundi alifungwa mwaka 2009. Tena mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya: walipeleka kompyuta kwenye maduka ya ufundi kwa tatizo dogo tu, huku wameweka ndani yake kitu cha kurekodi nani amefungua nini. Baadhi ya mafundi walipekua picha, wengine wakazinakili, na kompyuta zilizoonekana ni za wanawake ndizo zilizochunguliwa zaidi. Hiyo ni Canada, kwenye maduka yenye risiti na kamera.

Basi tukamwambia kijana wetu: tutakulipa, na muda wako wote tutaulipa, lakini tutakaa hapa hapa tukiangalia kioo, na folda ya picha hutaifungua. Akakuna kichwa. Akasema wateja wake wote wanaacha mashine. Tukasema sisi ni wateja wa aina nyingine. Mwisho akatoa viti viwili. Hatukupendwa sana asubuhi ile, lakini chai alituagizia.

Na kufomati tulikataa. Mashoga, neno hili linasemwa kama dawa ya mafua. Kufomati ni kuifuta diski yote ianze upya. Kirusi kitakwenda, na picha zitakwenda. Na ajabu ni kwamba pamoja na hayo hazitakwenda kabisa: ile fomati ya haraka wanayofanya mafundi wengi inafuta orodha tu, kama kuchana ukurasa wa mwanzo wa kitabu. Programu za bure kama PhotoRec au Recuva zinaweza kuzifufua. Kwa hiyo unaweza kujikuta wewe umezipoteza picha zako, na anayenunua diski yako kuukuu amezipata.

Kazi aliyoifanya kijana, tunaieleza kama tulivyoiona, ili ukiwa Mkoani au Makunduchi na huna fundi karibu ujue pa kuanzia.

Kwanza alikizuia kirusi kisiendelee kufanya kazi. Alifungua Task Manager, akatafuta kitu kinachoitwa wscript.exe, akakisimamisha. Hicho wscript si kirusi, ni kifaa cha Windows chenyewe, lakini virusi vya namna hii hukitumia kama cherehani ya kuazima. Kisha akaingia sehemu ya Startup na kuzima lile jina la ajabu lililokuwa limejiandikisha huko. Hatua hii ikirukwa, chochote utakachorekebisha kitaharibika tena ndani ya dakika moja huku unatazama. Kuna fundi mwingine alishawahi kumsafishia jirani yetu flashi mara tatu kwa siku moja, kila mara analipwa.

Pili alikata kompyuta kwenye mtandao, akaiwasha antivirusi iliyomo ndani ya Windows yenyewe, Defender. Ina ukaguzi unaoitwa Offline scan: kompyuta inajizima, inawaka upya kabla Windows haijaamka sawasawa, na inatafuta virusi vikiwa bado usingizini. Ilichukua kama robo saa. Akapitisha na ukaguzi mrefu, wa kompyuta na wa diski, huo ukatukalisha mpaka adhuhuri. Tukaswali kwa zamu, mmoja anakwenda, mmoja anabaki na kioo.

Tatu ndiyo ile tuliyokuwa tunaingoja. Alifungua kile kidirisha cheusi cha amri, cmd, akatazama diski yetu imepewa herufi gani, ilikuwa E, akaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Maana yake kwa Kiswahili chetu: kila kitu kilichomo kwenye diski E, kiondolee alama ya kufichwa, ya kusomwa tu na ya mfumo, pamoja na folda na vilivyomo ndani yake. Akabonyeza Enter. Kidirisha kikakaa kimya muda mrefu hivi, kisha folda zikaanza kujitokeza moja moja, majina yale yale tuliyoyaandika sisi. Za Karema. Za Nsimbo. Ya Inyonga. Tukamwambia, "Mdogo wetu, sasa geuka." Akageuka akatazama barabara. Tukafungua folda moja wenyewe, tukaona picha zipo, tukafunga. Zile shotkati za bandia akazifuta zote.

Likabaki swali la pili: je, zimekwenda kwa mtu? Hapa lazima mtu aseme ukweli. Kirusi cha shotkati kazi yake kubwa ni kujisambaza, lakini baadhi ya aina zake hufungua mlango kwa mwenye nacho aliye mbali, na kupitia mlango huo anaweza kuchukua mafaili au maneno ya siri. Kilichotupa unafuu ni kwamba kompyuta yetu haikuwa na bando tangu flashi ilipochomekwa hadi fundi alipoisafisha, na Defender ilipotaja jina la ilichokikamata haikuwa katika aina za kuiba. Pamoja na hayo tulibadilisha maneno ya siri ya barua pepe na ya akaunti za biashara, na tulibadilishia kwenye simu, siyo kwenye kompyuta ile.

Kuna aina nyingine ya kirusi ambayo kila mwanamke mwenye chumba cha kubadilishia nguo lazima aijue. Inawasha kamera ya kompyuta bila wewe kujua. Mwaka 2013 binti wa Kimarekani, Cassidy Wolf, aliyetwaa taji la Miss Teen USA mwaka huo, alipokea ujumbe wa vitisho ukiwa na picha alizopigwa kwa kamera ya kompyuta yake mwenyewe akiwa chumbani. Aliyefanya hivyo alikuwa kijana mwanafunzi, akahukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2014, na hakuwa amemfanyia yeye peke yake. Kompyuta yetu ilikuwa inatazama pazia la kujaribia nguo moja kwa moja. Dawa yake kwa mshona nguo ni nyepesi kuliko zote: kipande cha satini chenye gundi nyuma, juu ya kile kijicho. Tumeweka chekundu. Wateja wanauliza ni urembo gani huo, tunawaambia.

Msione kila kompyuta inayoganda mkasema virusi. Hapa Mpanda kwa miaka mingi umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, ukikatika hauagi, na kukatika ghafla kunaumiza diski. Vumbi la kiangazi nalo linaziba feni, mashine inapata joto, inakuwa nzito. Tumeshaona mtu anauziwa antivirusi mara mbili wakati kilichotakiwa ni brashi.

Na hizo programu za "kukraki" nazo tuseme. Mtu anakuwekea Windows au programu ya kuchora mitindo bila leseni, na hatua ya kwanza anakwambia zima antivirusi. Unamfungulia mgeni mlango halafu unamfunga mbwa! Masasisho ya Windows pia watu wanayazima ili kuokoa bando, tunaelewa, bando ni ghali. Lakini tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu duniani kote na kudai dola 300 kuyafungua, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha tundu lile tangu mwezi Machi. Walioumia ni ambao kiraka hakikuwa kimewafikia. Sisi masasisho tunayapakua usiku mara moja kwa wiki, wakati wa bando la bei nafuu.

Utaratibu wetu sasa hivi uko hivi. Flashi ya kwenda steshenari ni moja, ya kijani, haina kitu kingine, na haichomekwi tena nyumbani. Kadi za mwaliko tunatuma kwa barua pepe au WhatsApp, flashi haihitajiki kabisa. Flashi ya mgeni ikija, hatubofyi, tunaikagua kwanza kwa Defender. Ukiona kimshale kwenye folda, usiguse. Diski ya picha haikai imechomekwa: inachomekwa, picha zinaingia, inachomolewa, inarudi kabatini na ufunguo. Folda ya kila biharusi imefungwa kwa neno la siri kwa programu ya bure ya 7-Zip, hivyo hata fundi akiishika anaona jina tu. Jina lenyewe ni namba ya daftari.

Na tunaifuta. Hili ndilo lililotuletea mjadala nyumbani, maana picha za gauni zuri ni tangazo, na mwenye biashara anapenda kuzihifadhi. Lakini picha ni za biharusi. Amana inarudi kwa mwenyewe, ndivyo tulivyoamrishwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 58. Na sheria ya nchi sasa haiko mbali na hapo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina Tume yake, na picha ya mtu ni taarifa yake. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayeingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini. Wewe biharusi una haki ya kumuuliza mshonaji wako, mpambaji wako, mpaka hina wako na mpiga picha wako: zangu ziko wapi, nani anaziona, utazifuta lini? Wakikununia, tafuta mwingine. Mafundi wa nguo tupo wengi.

Biharusi wa Inyonga alikuja na mama yake kuchukua gauni siku tatu kabla ya ndoa. Tulikuwa tumeshawaeleza kwenye simu yaliyotokea, yote. Mama hakupandisha sauti, alisema tu, "Wanangu, nataka nione." Tukamfungulia folda, akazitazama picha za bintiye moja moja, nyingine akacheka. Tukamnakilia kwenye flashi mpya tuliyoinunua siku hiyo. Kisha akasema, "Futeni nikiwa hapa." Tukafuta, tukamwaga na kapu la takataka la kompyuta, tukamweleza kwamba usiku tutaiachia diski amri ya cipher /w:E:\ ipitishe maandishi juu ya nafasi iliyobaki wazi, ili asiwepo wa kuzifufua, na kwamba inachukua saa nyingi. Akataka tumwandikie amri hiyo kwenye karatasi. Akaikunja akaitia kwenye pochi pamoja na flashi, kisha akauliza mita ya lasi ya Dubai siku hizi ni kiasi gani, maana mdogo wake biharusi naye ameposwa.